Mafuta yaliyopanda kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko: tukate, tuoshe au tuache?

Mpanda Mikoko (Tanga)

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mimea ya pwani, kwa kuwa jambo tulilo nalo limetushinda, na katika kikundi chetu kila mtu ana lake.

Sisi tunapanda na kulinda mikoko kwenye mkono mmoja wa bahari hapa Tanga. Nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji hayafiki ila siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, pana uwanda wa chumvi wenye mimea mifupi: ile yenye majani manene yaliyojaa maji, ambayo ukiitafuna unapata ladha ya chumvi, pamoja na nyasi ngumu zinazotambaa pembezoni. Mpita njia akiutazama uwanda ule huuona mtupu. Kwetu si mtupu, kwa sababu mimea ile ndiyo inayoshika tope lisisombwe na mvua za masika na kuzifukia mikoko michanga tuliyoipanda upande wa chini.

Siku kumi zilizopita, usiku wa bamvua, chombo kimoja kilichofunga nanga karibu kilivujisha dizeli. Mwenyewe simtaji, maana shauri lake tumelifikisha panapohusika. Maji yalipojaa yaliyabeba mafuta yakayapitisha katikati ya mikoko mpaka juu uwandani, na yalipopwa yakayaacha huko huko. Tangu hapo yamekuwa maji mafu, hivyo hakuna wimbi lililopanda kuyaosha. Jua linapowaka saa saba mchana, harufu ya dizeli inasikika hadi barabarani.

Niliyoyaona ni haya. Siku ya pili majani manene yalikuwa yamebadilika, yakawa kama karatasi iliyofungiwa maandazi ya moto, unaona mwanga upande wa pili. Siku ya tano yalikuwa ya kahawia na yamesinyaa. Nyasi za pembezoni zimekauka ncha, lakini ukizipanua kwa vidole unakuta karibu na ardhi bado pana ukijani. Eneo lililoathirika ni kama nusu ya kiwanja cha mpira.

Kikundini kuna rai tatu. Wa kwanza wanasema tumwage maji ya sabuni ya unga tuoshe. Wa pili wanasema tufyeke kila kilichoguswa na mafuta tukichome. Wa tatu wanataka tuajiri vibarua wenye makoleo waparue tope lote la juu wakalitupe mbali. Mimi sina uhakika na rai yoyote kati ya hizo. Nauliza: mimea hii inakufa kwa sababu gani hasa, itarudi au ndiyo basi, na tufanye nini kabla ya bamvua ijayo, ambayo imebaki siku chache?

Naongeza jambo moja linalonikosesha usingizi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, jirani yetu kabisa. Kama dizeli ya chombo kimoja imetuhangaisha hivi, ni vyema tujifunze sasa.

---

Mwalimu Mstaafu (Pangani)

Ndugu Mpanda Mikoko, pole sana, na ahsante kwa kueleza ulichokiona badala ya ulichokisikia. Nimefundisha biolojia miaka mingi, na mimea ya maji ya chumvi ndiyo niliyoipenda kuliko yote, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikirefusha.

Kwanza, sabuni msiiguse. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilikwama karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikamwaga mafuta ghafi zaidi ya tani 100,000, na watu wakamwaga maelfu ya tani za sabuni za viwandani kuyasafisha. Wataalamu waliokagua fukwe baadaye walikuta kwamba mahali pengi sabuni ile iliua viumbe wengi zaidi kuliko mafuta yenyewe. Sabuni huyavunja mafuta yakawa matone madogo, na matone hayo hupenya kwenye tope na kwenye ngozi ya mmea kwa urahisi kuliko mafuta yaliyoelea peke yake.

Sasa nije kwenye sababu ya kufa. Mafuta huua mmea kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu tiba yake si moja. Mafuta mazito, kama mafuta ghafi yaliyokwisha kukaa baharini siku kadhaa, huua kwa kufunika. Jani lina vitundu vidogo vya kupitishia hewa, ambavyo wanafunzi huviita stomata. Vikizibwa, jani haliwezi kupata hewa ya kutengenezea chakula wala kutoa mvuke wa kulipooza, nalo hupata joto kali na kunyauka. Baadhi ya nyasi za maeneo ya chumvi zina pia vitezi vya kutemea chumvi juu ya jani, navyo huzibwa vilevile. Mafuta mepesi kama dizeli yana ubaya wa namna nyingine. Hayafuniki tu, bali hupenya ndani na kuyeyusha utando wa seli, hivyo maji ya ndani huvuja na nafasi za hewa katikati ya seli hujaa mafuta. Hiyo karatasi ya maandazi uliyoiona ndiyo dalili yake.

Hata hivyo, jani kufa si mmea kufa. Mimea mingi ya kudumu ya kinamasi cha chumvi huweka akiba yake chini, kwenye mizizi na kwenye mashina yanayotambaa ardhini. Mtafiti Jenny Baker alilijaribu jambo hili kwa makusudi kwenye vinamasi vya Milford Haven, Wales, katika miaka ya 1960 na baadaye, akinyunyizia mafuta ghafi vipande vidogo vya ardhi na kuvifuatilia. Nyasi za kudumu zilizopakwa mafuta mara moja au mara chache zilichipua tena kutoka chini. Zilizopakwa mara nyingi mfululizo zilimaliza akiba na kufa. Mimea ya msimu mmoja, kama Salicornia, haikuwa na akiba ya kuchipulia, hivyo ilikufa na kutegemea mbegu zitakazoletwa na maji kutoka kwingine. Aligundua pia kwamba mafuta yakifika wakati wa kuchanua, mbegu za mwaka ule huwa haba sana. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mimea yenu ni ya aina gani, na kama ilikuwa na maua.

Jambo la pili, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kujua mafuta yameishia wapi: juu ya majani, juu ya tope, au ndani ya tope. Naomba ulishike hili, kwa sababu macho hudanganywa na weusi wa majani. Tope la kinamasi halina hewa. Mizizi ya humo hupumua kwa hewa inayoshushwa na mmea wenyewe kupitia mirija iliyo ndani ya shina, na bakteria wanaokula mafuta kwa haraka wanahitaji hewa hiyo hiyo, ambayo haipo. Mafuta yakibaki juu, jua, upepo, maji na bakteria huyamaliza kwa miezi au miaka michache. Yakishuka ndani, hukaa.

Yanakaa muda gani? Nitatoa mfano wa mafuta yanayofanana na yenu. Tarehe 16 Septemba 1969, tishari lililoitwa Florida lilikwama karibu na West Falmouth, Massachusetts, Marekani, likamwaga kiasi cha lita 700,000 za mafuta ya kupashia nyumba joto, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa dizeli. Yaliingia kwenye kinamasi kinachoitwa Wild Harbor, na nyasi, kaa na samaki wakafa kwa wingi. Kwa bahati njema ya sayansi, taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole iko jirani, na wataalamu wake wameendelea kurudi pale kizazi baada ya kizazi. Miaka 30 baadaye walipochimba walikuta mafuta yale bado yapo, sentimita 6 hadi 28 chini ya uso. Juu palikuwa na nyasi za kijani. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ambao kwa kawaida huchimba tundu la kwenda chini moja kwa moja, pale walikuwa wanachimba kidogo, wakifika kwenye tabaka la mafuta wanakunja kona na kwenda ubavuni, au wanaacha.

Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, naomba uende na kisu kirefu. Chagua sehemu kama kumi, ukate tope kama unavyokata mkate, hadi kina cha shubiri moja, uangalie ubavu wa kipande. Tazama kama pana utelezi wa rangi za upinde wa mvua na umefika kina gani. Kisha ulipasue shina la chini la nyasi: likiwa jeupe na gumu, liko hai, likiwa la kahawia na linalainika kama ndizi iliyooza, limekufa. Na tafadhali aende mtu mmoja au wawili tu, wakikanyaga juu ya mbao.

---

Mtoto wa Unguja (Jubail, Saudia)

Assalaam alaykum. Mwalimu amesema yote ya msingi, lakini nimeona nichangie kwa sababu naishi mahali ambapo jambo hili lilitokea kwa ukubwa ambao ni vigumu kuufikiria, na nimekuwa nikienda kwenye vinamasi hivyo kwa miaka kadhaa kwa shughuli za kazi.

Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, mamilioni ya mapipa ya mafuta ghafi yaliachiliwa baharini kutoka Kuwait, na mkondo ukayashusha kusini kwenye pwani ya Saudia, kuanzia Khafji hadi kisiwa cha Abu Ali, ambacho kilisimama kama ukuta na kuyazuia yasiendelee. Zaidi ya kilomita 700 za ufuo zilichafuka. Fukwe za mchanga na miamba zinazopigwa na mawimbi zilisafika zenyewe kwa kasi kuliko watu walivyotarajia. Palipobaki na msiba ni kwenye vinamasi vya chumvi vilivyo ndani ya ghuba tulivu, ambako hakuna mawimbi ya kuyatikisa mafuta.

Uwanda wenu, ndugu Mpanda Mikoko, unafanana na wa huku: tambarare, joto kali, maji yanafika juu siku za bamvua tu, na mimea ni hiyo hiyo ya majani au mashina manene yenye chumvi. Mafuta yalipanda na maji makubwa, yakatandazwa juu na kushuka kwenye matundu ya kaa. Kaa wote wa ukanda ule wa juu walikufa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabla: kaa ndiye mkulima wa kinamasi. Matundu yake hupitisha hewa na maji chini, na udongo anaoutoa ndani na kuumwaga nje hukutana na jua. Kaa alipokufa, yale matundu yalijaa mafuta, kisha utando wa mwani ukaota juu ya tope na kulifunga kama kifuniko, ukakauka, ukawa ngozi ngumu. Chini ya ngozi ile hakuna hewa, mbegu haziwezi kupenyeza mzizi, na mafuta yanabaki laini kana kwamba yamemwagika mwaka jana. Nimewahi kubandua kipande kwa mkono, kikatoka kizima kama ganda la mkate wa ajemi, na chini yake tope lilikuwa jeusi linalonuka petroli.

Uhai ulirudi kwanza kwenye kingo za vijito ambamo maji hupita kila siku, na ulirudi pamoja na kaa. Walianza kuchimba kutoka kwenye kingo, wakapanda kidogo kidogo, na mimea ikawafuata nyuma. Kule juu, mbali na vijito, miaka zaidi ya kumi ilipita pakiwa pamekufa. Baadaye Saudia ililipwa fidia kupitia Tume ya Fidia ya Umoja wa Mataifa, na sehemu ya kazi iliyofanyika ilikuwa ni hiyo tu: kuchimba vijito vipya ili maji yafike, na kuivunja ile ngozi ili hewa iingie. Hawakulibeba tope lote kwenda kulitupa.

Ushauri wangu mdogo ni kwamba msihesabu mimea peke yake. Hesabuni matundu ya kaa yaliyo wazi, yenye udongo mbichi mlangoni.

---

Fundi wa Mashua (Bagamoyo)

Naheshimu elimu ya walionitangulia, lakini sikubaliani na kuacha uchafu mahali pake. Mafuta ni sumu. Nikimwaga dizeli kwenye karakana yangu, nakwangua mchanga wote naubeba, naweka mchanga mpya, kazi imekwisha. Kama mafuta yakishuka ndani yanakaa miaka 30, basi hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuyakwangua leo kabla hayajashuka. Wenye makoleo kwa maoni yangu ndio wenye haki.

---

Mwalimu Mstaafu (Pangani)

Fundi, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu, kwa sababu watu wenye uwezo mkubwa kuliko wetu walifikiri kama wewe na wakatenda.

Machi 1978 meli ya Amoco Cadiz ilivunjika mbele ya kijiji cha Portsall, Brittany, nchini Ufaransa, ikiwa na zaidi ya tani 220,000 za mafuta ghafi, na yote yakaingia baharini. Kinamasi cha Île Grande kilijaa mafuta mazito. Askari waliletwa pamoja na mitambo, wakayaondoa mafuta na tope lililochafuka, mahali pengine hadi nusu mita, wakavipanua na vijito. Kwa macho palikuwa safi. Vinamasi vingine vya jirani vilivyochafuka havikutendewa hivyo, na hivyo ndivyo vilivyorudi haraka zaidi, kwa muda wa miaka mitano hivi, ilhali Île Grande ilikuwa bado na majeraha miaka saba na minane baadaye.

Sababu yake ni kimo. Mmea wa kinamasi huishi kwa vipimo vya sentimita. Kila mmoja una mahali pake kulingana na mara ngapi kwa mwezi maji ya chumvi yanamfunika, na ukishusha uso wa ardhi kwa urefu wa kiganja umeyabadilisha maji, chumvi na hewa vyote kwa pamoja. Kwenye karakana yako, Fundi, unaleta mchanga mwingine na sakafu inabaki ilivyokuwa. Uwanda wa chumvi ulijengwa na mimea yenyewe, ikinasa tope punje kwa punje kila bamvua, na mashina ya chini yaliyosukana ndiyo yanayolishika. Ukiparua umeondoa akiba, mbegu na sakafu kwa mkupuo mmoja. Unachobakiwa nacho ni shimo linalotuama maji.

Na hata asiye na koleo hudhuru kwa miguu. Vibarua ishirini wakitembea kutwa kwenye tope bichi lenye mafuta juu, kila hatua ni mchi: unayatwanga mafuta yaliyokuwa juu yashuke kule ambako mizizi iko na hewa haipo. Naona uchungu kila ninapofikiria jambo hili, maana wanaofanya hivyo huwa ni watu wema waliokuja kusaidia.

Lakini sitaki mnielewe kwamba kutofanya lolote ndilo jibu la kila mahali. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 walikufa, na mafuta yalitoka kisimani kwa siku 87. Zaidi ya kilomita 1,700 za pwani zilifikiwa, na karibu nusu yake zilikuwa vinamasi, vingi vikiwa Louisiana. Ghuba ya Barataria ndiyo iliyoumia zaidi. Kule nyasi kuu ni mbili, Spartina alterniflora na Juncus roemerianus, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, akiwemo Irving Mendelssohn, walizilinganisha. Palipochafuka kiasi, Spartina ilisimama tena na Juncus ikadhoofika. Palipochafuka sana, zote mbili zilikufa karibu kabisa. Kisha likaja jambo ambalo halirekebishiki: mizizi ilipooza, ukingo wa kinamasi uliokuwa umeshikwa nayo ukaanza kumeguka na kuanguka majini, kwa kasi iliyozidi mara mbili ile ya maeneo yasiyoguswa. Nyasi za nyuma yake zilirudi baadaye, lakini ardhi iliyokwenda na maji haikurudi. Kwenye maeneo yale mabaya kupita kiasi, ambako tabaka la mafuta na nyasi zilizolala lilikuwa nene, kuondoa tabaka hilo kwa uangalifu na kupanda Spartina mara moja kulisaidia kuliko kuacha. Kwa hiyo swali sio kusafisha au kutosafisha. Swali ni mafuta yako wapi, ni mengi kiasi gani, na ardhi iko hatarini kumeguka au la.

Kuhusu kuchoma: yapo mazingira ambamo wataalamu huchoma kinamasi chenye mafuta, lakini hufanya hivyo maji yakiwa yamefunika udongo, ili joto lisifike kwenye mizizi. Uwanda mkavu wa Tanga wakati wa maji mafu, na mikoko imesimama hatua chache mbele, si mahali pa kiberiti.

Nasubiri majibu ya kisu.

---

Mpanda Mikoko (Tanga)

Mwalimu, nimekwenda leo alfajiri na mwenzangu mmoja, tukiwa na mbao mbili tunazisogeza kwa zamu. Tulikata sehemu kumi na mbili. Nitaeleza kwa uaminifu hata lile linalotuaibisha.

Katika sehemu nane za katikati ya uwanda, ambako hakuna aliyekanyaga, mafuta yako juu tu. Ukikata unaona uzi mwembamba wa kung'aa usiozidi unene wa kucha, na chini yake tope la kijivu la kawaida lenye harufu yake ile ya mayai viza. Mashina ya chini ya nyasi niliyapasua matano: manne meupe, moja la kahawia. Ile mimea ya majani manene imenichanganya. Baadhi ukiing'oa inatoka bila ukinzani, imekufa yote. Mingine, iliyolala na kutoa mizizi kwenye vifundo, ina vifundo vya kijani vilivyofukiwa na tope, na juu ya kimoja kuna chipukizi dogo kuliko punje ya mchele. Maua hayakuwepo.

Sehemu mbili zilikuwa kwenye njia tuliyopita sisi wenyewe siku ya kwanza, tulipokwenda kundi zima kutazama. Nyayo zetu bado zipo. Ndani ya unyayo mafuta yametuama, na nilipokata, utelezi umeshuka urefu wa kidole cha kati. Shina la chini nililolipata hapo lilikuwa limelainika. Mwenzangu aliuweka mguu wake pembeni ya unyayo mmoja, akasema, "Huu ni wangu."

Sehemu mbili za mwisho zilikuwa karibu na kijito, ambako michu, aina mojawapo ya mikoko, inaanza. Huko mafuta yamejishika kwenye vile vidole vya kupumulia vinavyochomoza kwenye tope. Tundu la kaa lenye udongo mbichi tuliliona moja tu, na lilikuwa ukingoni kabisa.

Nimewasomea wenzangu maelezo yenu yote. Rai ya sabuni imeondolewa, na rai ya makoleo pia. Sasa tufanye nini siku hizi chache zilizobaki?

---

Mwalimu Mstaafu (Pangani)

Habari hii ni njema kuliko nilivyoogopa. Mashina manne meupe kati ya matano maana yake ni kwamba uwanda wenu una akiba.

Bamvua itakapopanda, itayanyanyua mafuta yaliyo juu yaelee, na maji yanapopwa yatashuka nayo kupitia kijito kuelekea kwenye michu. Hiyo ndiyo nafasi yenu ya kuyakamata bila kukanyaga uwanda. Chukueni nyavu kuukuu, mzijaze makumbi na usumba mkavu, mzifunge ziwe kama magogo marefu, mzilaze kukingama kijito kwa vigingi na kamba, ziweze kuelea. Wenzetu wa Mauritius walifanya hivi Agosti 2020, meli ya Wakashio ilipovuja kiasi cha tani 1,000 za mafuta karibu na Pointe d'Esny: watu wa kawaida walishona magunia na nyavu, wakayajaza majani makavu ya miwa, wakayaburuta baharini. Makumbi yakishalowa mafuta yaondolewe siku hiyo hiyo, yasiachwe yakayarudisha, na yapelekwe mahali ambapo watu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, wataelekeza. Wajulisheni pia maofisa wa misitu wa TFS, kwa kuwa michu imeguswa.

Kwenye vile vidole vya michu msisugue. Kama mnaweza kupata maji ya bahari kwa ndoo, mwagieni taratibu mkiwa ndani ya mtumbwi wakati maji yapo, bila msukumo wa kutifua tope. Mbuzi wazuiwe kwa msimu mzima, kwa sababu chipukizi lako la punje ya mchele ndilo watakalolianza, na pia kwa sababu nyama na maziwa yao ni chakula chenu.

Zile nyayo ziacheni. Msizifukie. Kaa wakirudi watazifikia.

Na kuhusu Chongoleani: mafuta ya Hoima yana nta nyingi, huganda kwenye joto la kawaida, ndiyo maana bomba lenyewe hupashwa moto njia nzima. Kwa hiyo hayatatembea kama dizeli yenu. Yakiingia majini nategemea yataganda yawe mabonge, ambayo ni rahisi zaidi kuokota yakiwa yanaelea, lakini yakipandishwa na bamvua hadi uwandani na kupigwa na jua la Januari yatalainika na kufunika. Vikundi vyote vya pwani hiyo vinapaswa kuwa na makumbi makavu ghalani na ramani ya vijito vyao, na kujua ni mahali gani pa kuzuia mafuta yasipande, kwa sababu mafuta yaliyozuiwa mdomoni mwa kijito hayahitaji kusafishwa uwandani.

---

Fundi wa Mashua (Bagamoyo)

Nimesoma habari ya nyayo mara mbili, nami naondoa neno langu la makoleo. Nina nyavu za zamani nyingi ambazo hazifai tena kuvulia. Basi la kesho asubuhi la kwenda Tanga litazibeba. Ndugu Mpanda Mikoko nitumie ujumbe wa faragha nijue zishushwe wapi.

---

Mpanda Mikoko (Tanga)

Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Nimekutumia ujumbe.

Leo jioni tumepima miraba sita ya mita moja kwa moja, mitatu penye mafuta na mitatu upande usioguswa, tukaifunga kamba kwenye fito ndefu ili tuweze kuhesabu tukiwa juu ya mbao. Vijana wawili wa sekondari wamepewa daftari. Katika mraba wa kwanza wameandika: mashina hai saba, matundu ya kaa hakuna, chipukizi moja. Bamvua inaanza Alhamisi usiku, na tutarudi kuhesabu siku ya kwanza ya maji mafu.